Tembo Waliotembea Miguu Juu

Mwanangu Sifa,

Habari za sabuni, za blanketi na za kutoacha viatu nje kwenye mvua, mama yako amekwisha kukuambia, na najua ataendelea kukuambia hadi dereva awashe moto kamyo. Mimi nayaacha hayo. Sasa hivi mko mtoni mnafua nguo utakazovaa kesho. Nimebaki peke yangu kwenye barza, na mvua imesimama juu ya kilima cha ng'ambo kama haijaamua kushuka huku Mweso. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Isome kabla ya chakula. Usiisome kwa sauti mbele yangu, nitaona haya.

Barua za biro, za ofisini kwetu, zote huanza kwa kusema "nina heshima ya kukujulisha." Hii nayo nilikuwa nimeianza hivyo, mkono umezoea. Nikaichana.

Nataka kukuandikia juu ya picha iliyoko ukutani, ile uliyoikuta ukutani ulipozaliwa. Mtoto wa tembo amesimama katikati, anaonekana vizuri, hata mikunjo ya magoti yake, na pande zote amezungukwa na moshi. Wageni huuliza ni moto gani ulikuwa unawaka pale. Hapakuwa na moto. Moshi ule ni familia yake.

Ulipokuwa mdogo, kabla ya kujua kusema maneno yote, ulikuwa unakiweka kidole kwenye kioo cha picha na kuniuliza, "Mama yake iko wapi?" Nami nilikujibu, "Anakuja." Baadaye uliacha kuuliza. Nadhani ulifikiri nakudanganya, kama watu wakubwa wanavyowadanganya watoto ili walale. Leo nakuandikia yote, kwa sababu kila nikianza kusimulia mbele ya watu wanacheka kabla sijafika mwisho, na mimi nikiona watu wanacheka naacha.

Ulikuwa hujazaliwa wakati ule. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha karibuni, nami nilikuwa kijana niliyetoka shule ya mapadri na kuwekwa biro ya teritwari, ofisi ya wilaya, huko Walikale kuwa karani na mkalimani. Nilitoka Nyamitaba, kwenye maharage na ng'ombe, mahali ambapo mtu akikuita kutoka kilima cha pili unamwona. Msitu niliuogopa kabla sijauona. Niliogopa vitu vingi, Sifa. Niliogopa wino usimwagike. Niliogopa Bwana mkubwa akikohoa, nikadhani ananikoholea mimi.

Karani mzee aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba neno la Bwana halimezwi. Akisema, mkalimani asimame wima, aseme neno lote, kwa sauti, mpaka mtu wa nyuma kabisa alisikie. Mara moja nilimeza neno mbele ya machifu, nikatukanwa watu wote wakisikia. Tangu siku ile sikumeza tena. Hata nyumbani nilikuwa naongea kama niko mbele ya mkutano.

Ndipo akaja Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kivuli. Alitafuta tembo, lakini hakuwa na bunduki. Alikuwa na sanduku la mbao lenye jicho la kioo mbele, la kusimama juu ya miguu mitatu, na kitambaa kikubwa cheusi cha kujifunika kichwa. Alitaka picha za familia za tembo: mama na watoto, nkambo na wajukuu, wakiwa kwao msituni na mambo yao. Mimi nikaazimwa kwake kama jembe.

Tulianzia Ntoto. Wapagazi walipokuwa wakifunga mizigo, msichana mmoja aliyekuwa anaanika mihogo aliniita.

"Papa Karani, ule Muzungu atapiga tembo na nini?"

"Na picha."

"Picha inaua?"

"Hapana. Inachukua sura tu."

"Na nyama?"

"Nyama inabaki na tembo."

Akawageukia wenzake. "Basi hawa batarudi na njaa!" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga mihogo. Nilitaka ardhi inimeze. Msichana yule unamjua, sasa hivi anakusaidia kukamua mashuka.

Aliyetuongoza ni Papa Bwira, mwindaji wa pale Ntoto, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa. Alitupeleka mahali ambapo msitu unafunguka ghafla. Hapo katikati pana matope na maji ya chumvi chumvi, na tembo huja kunywa. Watu wake walijenga jukwaa la miti pembeni, juu kidogo ya ardhi, likafunikwa na majani. Tukakaa.

Sijui nikuelezeje kukaa kule. Ukungu ulikuwa unatoka polepole kama mtu asiyetaka kuondoka. Mbele yako hakuna kitu, unapepesa macho, na tembo wamekwisha kuwa pale. Mnyama mkubwa hivyo, na hujasikia hata jani. Na hawakuwa na rangi niliyoitarajia. Yule aliyejipaka matope ya upande wa mto alikuwa mwekundu kama tofali. Mwingine alikuwa wa manjano kama unga wa mahindi. Aliyetoka kwenye maji alikuwa mweusi, anang'aa. Papa Bwira alikuwa ananinong'oneza, kama mtu anayeonyesha ndugu zake kwenye harusi.

"Ule wa sikio lenye kupasuka njo nkambo wao. Huyu mwembamba ni binti yake. Kale katoto ni ka huyu mwembamba. Kanasumbua sana."

Kweli kalikuwa kanasumbua. Kalikanyaga mkonga wake kenyewe, kakaanguka, kakaamka na kumkasirikia ndege.

Bwana Kivuli alinifundisha kumsaidia. Kule kuna giza hata mchana, kwa hiyo jicho la sanduku linafunguliwa kwa kutoa kifuniko chake, na linaachwa wazi kwa muda, huku nyuma kuna kipande cha kioo chenye dawa kinachopokea mwanga. Anayesimama anabaki kwenye kioo. Anayetembea anakuwa moshi. Akijitikisa sana hata moshi haubaki, utafikiri hakuwahi kuwapo. Ndiyo maana Bwana Kivuli alikuwa anangoja mpaka familia yote itulie pamoja, na haitulii. Mama akisimama, mtoto anatembea. Mtoto akisimama, shangazi anageuza kichwa. Vioo vingi viliharibika, na yeye hakukasirika. Alisema angengoja.

Vioo vile tulivioshea ndani ya hema lililozibwa kwa mablanketi, kwa taa nyekundu. Baada ya kuoshwa, kila kitu kwenye kioo kinakuwa kinyume. Tembo ni weupe kama maziwa, chini ya mbingu nyeusi. Nilimwonyesha Papa Bwira kimoja, akakataa kukishika.

"Hawa bamekufa?"

"Hapana, Papa. Hawajageuzwa bado."

"Ukibageuza, nitaangalia. Sasa ondoa."

Mpaka leo nikifumba macho nawaona wale weupe kabla ya wengine. Wanavuka usiku ambao si usiku, na miti nayo imeng'aa.

Siku yenyewe ilifika mchana. Mvua ilikuwa imepita, mwanga ulikuwa laini, na familia yote ilisimama kwenye chumvi, mikonga ndani ya maji, wakinywa. Hata masikio hayakupepea. Bwana Kivuli alitoa kifuniko. Sisi tulikuwa nyuma yake: mimi, Papa Bwira na wapagazi wawili. Mmoja wao alihamisha mguu na ubao ukalia kidogo. Bwana Kivuli, bila kugeuka, akanong'ona kwa Kifaransa kwamba mtu asisogee.

Nami nikasimama wima. Nikasema lote, kwa sauti, mpaka mtu wa nyuma kabisa asikie:

"Bwana anasema, muntu asitikisike hata kidogo!"

Hapa ndipo watu wanapocheka, na wana haki. Hata wewe umeisikia sehemu hii mara nyingi. Tembo wote waliinua vichwa. Nkambo alipiga kelele ambayo niliisikia tumboni, si masikioni. Familia ikageuka kwa pamoja kama maji yanayogeuka, na nkambo akaja moja kwa moja upande wetu, masikio wazi. Papa Bwira, mwindaji wa wawindaji, alikuwa wa kwanza kuruka. Wapagazi walimfuata. Bwana Kivuli alifunga kioo chake ndani ya kibweta, akakichomoa, akakikumbatia kama mtoto, akaruka nacho. Nkambo alisimama kabla ya kufika, akakata miti midogo kwa hasira, kisha akarudi kwa wenzake na wote wakamezwa na msitu.

Mimi sikuruka. Wasimuliaji wa Ntoto wanasema nilitii amri yangu mwenyewe, na ndiyo maana waliniita Asitikisike. Ukweli ni kwamba miguu haikunisikia. Kilichonijia ni kuvuta kile kitambaa cheusi na kujifunika kichwa, kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

Ndani ya kitambaa, Sifa, nyuma ya sanduku, pale ambapo kioo cha dawa kilikuwa kimechomolewa, kuna kioo kingine cha ukungu ambacho Bwana Kivuli alikitumia kupangia picha. Jicho lilikuwa bado wazi. Na juu ya kioo kile niliuona uwazi wote, mdogo, na rangi zake zote, umegeuzwa. Mbingu ilikuwa chini. Matope yalikuwa juu. Na juu kule, akining'inia kama tunda, alikuwa yule mtoto, amezama kwenye matope mpaka magotini. Familia ilipokimbia, yeye alinasa. Kwa hiyo kwenye picha yetu ya ukutani wote ni moshi isipokuwa yeye.

Alilia. Sauti ilikuja kutoka nje ya kitambaa, mahali pake pa kweli, na sura ilikuwa ndani, miguu juu. Nilijua ni mdomo wangu uliomfikisha pale. Nilitaka kushuka nikamvute. Nilitoa hata mguu mmoja nje ya jukwaa. Kutoka kwenye miti nyuma yangu nikasikia Papa Bwira ananong'ona kwa hasira:

"Karani! We karani! Ukimugusa, mama yake atakupondaponda! Acha!"

Nikaurudisha mguu. Sitakuambia kwamba nilifanya hivyo kwa busara. Nilirudi chini ya kitambaa nikatazama, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine nilichoweza.

Mwanga ulianza kupungua. Ndipo mama alipotoka, yule mwembamba, peke yake. Kwenye kioo alitembea kichwa chini kwenye dari la dunia, mwekundu, bila sauti, kama mtu anayepita katika ndoto ya mtu mwingine. Nilimtarajia aje kwa kishindo, kwa sababu mimi nilidhani viumbe wakubwa hawana woga, na kwamba woga ni ugonjwa wa makarani. Hakuja kwa kishindo. Alipiga hatua, akasimama. Akageuza mkonga upande wetu, akatunusa, mwili ukamtetemeka mpaka matope makavu yakamdondoka. Akarudi nyuma. Mtoto akalia. Akaja tena. Akarudi tena, karibu kuingia msituni, na moyo wangu ukamfuata. Aliogopa. Katika jambo hilo mimi si mwanafunzi, niliutambua woga wake kama unavyomtambua mtu wa kijiji chako katika soko la mbali. Na katika kutetemeka kule kule, bila kungoja kuishe, alikuja.

Alipiga ukingo wa matope kwa mguu mpaka ukabomoka na kuwa mteremko. Mtoto alijaribu, akateleza. Mama akaweka mkonga nyuma ya mapaja yake na kungoja ajaribu tena. Mtoto akapanda, akasimama juu ya nyasi, akiwa mweusi wa matope na mwenye hasira. Mimi ningemkumbatia. Ningemficha chini ya tumbo langu nikimbie. Yeye alimsukuma atangulie. Mtoto akawa wa kwanza kuingia kwenye msitu mweusi, mama nyuma yake, bado anatetemeka, na kioo kikabaki na nyasi na mbingu iliyo chini.

Bwana Kivuli aliporudi alinikuta bado nimejifunika. Nilimwambia yote niliyoona. Akaketi, kisha akauliza, "Kwa nini hukuweka kioo kingine?"

"Hukunifundisha kukiweka, Bwana."

Kwa hiyo picha ya kurudi kwa mama haiko popote. Ile ya ukutani alinipa yeye, akisema ni picha iliyoharibika. Yule mama hayuko hata katika moshi ule, alikimbia kuliko wote. Kila ulipokuwa unaniuliza yuko wapi, nami nikijibu anakuja, nilikuwa nakuambia nilichokiona.

Sasa nije kwenye kesho.

Wiki iliyopita uliketi karibu nami hapa hapa, ukaniambia, "Papa, sipendi tena kwenda. Bukavu ni mbali. Ziwa ni kubwa." Mimi nilikujibu kwa utaratibu kwamba tutafikiri. Ndani yangu nilifurahi, Sifa. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa. Usiku huo huo nilipanga maneno ya kuwaambia masista wa shule ya Bukavu: mtoto ana homa, nafasi yake apewe mwingine, labda mwaka ujao. Nilikuwa na maneno mazuri. Kwa kazi hiyo mimi ni hodari. Nilijua vilevile kwamba nafasi ya msichana kusomea uuguzi hairudi mara mbili kwa watu kama sisi, nikaifumbia macho.

Asubuhi nilimweleza mama yako. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Papa Sifa, huyu mutoto haogope ziwa. Ziwa hajaliona."

"Basi anaogopa nini?"

"Anakuangalia uso. Ukisikia jina la Bukavu, uso wako unakauka kama muhogo. Yeye anasoma pale. Si njo weye ulimufundisha kusoma?"

Nilikasirika. Nilimwambia uso wangu ni uso wangu, Mungu aliniumba nao. Akacheka kama alivyocheka Ntoto. Kisha akasema polepole, "Mimi pia ninaogopa. Ao unafikiri weye tu?" Akaendelea kuchambua.

Sikujua hilo. Miaka yote hii nyumbani mwetu nilidhani mwoga ni mimi peke yangu.

Bado mimi ni kijana, Sifa. Watu wasiotujua hudhani wewe ni mdogo wangu. Nilikuwa baba kabla sijajifunza kazi hiyo, na sehemu kubwa nimeifanya kwa kukuita urudi: toka kwenye maji, shuka kwenye mti, usiende mbali na mama. Ulirudi kila mara. Wewe ni mtoto mwenye utii. Sasa utii huo ndio unaonitia hofu, kwa sababu najua kesho, mbele ya kamyo, nikikunja uso tu utabaki, na utasema ni kwa mapenzi yako, na tutaishi hapa tukipendana, na wewe hutajua kamwe ungekuwa nani.

Ukibaki kwa sababu moyo wako umekataa, nitalibeba sanduku kulirudisha ndani, wala hutasikia neno. Lakini usibaki kwa sababu yangu. Ulizaliwa ukaukuta uso wangu huu umekwisha kujaa woga. Uso huu uliogopa wino, ukaogopa mvua, ukaogopa kikohozi cha Bwana mkubwa, na karibu kila kitu uso huu ulichokiogopa hakikutupata. Si uso wa kusomea dunia.

Adhuhuri nilikwenda kwa Papa Dereva anayepeleka mihogo Sake na Goma. Nimemwomba akuweke mbele pamoja naye, si juu ya magunia, mpaka kwenye mashua ya ziwa, ambako sista mmoja atakupokea pamoja na wasichana wengine wa shule. Aliniuliza kama nina hakika, kwa kuwa wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia usingekwenda. Nilimjibu kwamba sina hakika, na kwamba aweke nafasi.

Nawasikia mnapanda kilima. Mama yako anaimba kwa sauti mbaya na wewe unamcheka. Mvua imekwenda upande mwingine.

Kesho mimi ndiye nitakayepandisha sanduku lako kwenye kamyo. Nitajitahidi kusimama vizuri. Lakini ukigeuka ukaniona nalia, mwanangu, mwambie dereva aendeshe.

Ni mimi,
Papa yako